Kijiwe Chini ya Ulimi

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama watu walionyimwa uji? Jikazeni. Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Aliye na neno la kumwambia mwenzake amwambie sasa, maana ngano ya leo ni ya mtu aliyechelewa kusema. Nami nikianza sipendi kukatizwa.

Hapo zamani za kale, bibi yake bibi yangu akiwa bado anabebwa mgongoni, palikuwa na kijiji chini ya mlima. Mlima wenyewe watu waliuita Chungulia. Waliuita hivyo kwa sababu ukifika kwenye bega lake, ukainama kidogo, unayachungulia magofu.

Magofu gani? Magofu ya Watu wa Kale. Kuta za mawe, jiwe juu ya jiwe, bila udongo, bila chokaa, na zimesimama. Nyumba zisizo na paa. Njia zisizo na mpita njia. Nani alizijenga? Hakuna aliyejua. Waliondoka kwa nini? Hakuna aliyejua. Ukisimama chini, katikati ya magofu, huoni kitu ila mawe, na mbuzi juu ya mawe.

Lakini ukipanda Chungulia, unaona.

Sasa, mlima ule ulikuwa na desturi yake. Kila aliyepanda, akishaona, kabla hajageuka kushuka, aliokota kijiwe kidogo kama punje ya kunde. Akakiweka chini ya ulimi. Akashuka nacho, kimya, hata salamu haitikii. Akifika kizingitini kwake anakitema. Ptu! Na ya mlimani yameishia hapo. Ya juu hayasemwi chini. Ndivyo walivyosema wazee, na wazee wa wazee. Anayetaka kujua, apande. Mlima ukisimuliwa, walisema, unakasirika na kufunga mvua.

Acheni kucheka nyie. Kila mtu hapa ana kijiwe chake.

Mlinzi wa njia ile alikuwa Mzee Senzighe. Alikuwa mfupi, mwenye matege, na kifua kilichobenuka kama cha jogoo. Kazi yake ilikuwa kufyeka njia na kupuliza pembe. Puuu! Puuu! Mara mbili. Maana yake: njooni tupande. Pembe ile haikuwa na mlio mwingine.

Na alikuwa na hekima, msinielewe vibaya. Siku moja majirani wawili waligombania mpaka wa shamba mpaka wakashikiana mapanga. Mzee Senzighe hakuwahukumu. Akapuliza pembe, akawapandisha wote wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, yeye katikati na fimbo yake. Ko! Ko! Ko! Jioni wakashuka na vijiwe vyao mdomoni. Wakatema. Wakashikana mikono. Waliona nini huko juu? Hawakusema. Mpaka wanaingia kaburini hawakusema. Ndiyo maana mzee aliiamini desturi ile kuliko alivyouamini mguu wake mwenyewe.

Mzee alikuwa na wana watatu wa kiume na binti mmoja. Binti aliitwa Nakiete. Mzazi hasemi nani anampenda zaidi, lakini kijiji kizima kilijua.

Nakiete aliolewa na Kajiru, mchungaji wa ng'ombe, mtu wa mwezi huu hapa, mwezi ujao kule mbugani. Akawa na kaya yake. Akataka nyumba yake. Basi asubuhi moja akamwendea baba yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Nimeona mahali pa kujenga."

"Wapi?"

"Pale chini ya magofu, kwenye tambarare. Udongo laini, jembe linazama lenyewe. Na mawe ya kujengea yako papo hapo."

Mzee akaacha kunoa panga. Ulimi wake ukatafuta mahali pale kijiwe hukaa.

"Usijenge pale," akasema.

"Kwa nini, baba?"

"Panda nami, uone."

"Niambie tu."

"Ya juu hayasemwi chini."

Nakiete akacheka. Akasema, "Ngoja nimalize kupalilia, baba. Nikimaliza tutapanda."

Siku ya pili yake, puuu! Puuu! Nakiete yuko shambani. Kesho yake, puuu! Puuu! Yuko shambani. Kupalilia kukaisha, kukaja kuvuna. Kuvuna kukaisha, akaanza kukusanya mawe.

Mzee akamfuata pale pale kwenye tambarare.

"Nakiete, panda nami, uone."

"Baba, kesho ni msaragambo. Watu ishirini wanakuja kunisaidia kuinua kuta, na pombe yao nimeshaipika. Niwaambie warudi makwao kwa sababu nimekwenda kutembea mlimani?"

"Waambie."

"Kuna nini huko juu?"

"Panda uone."

"Niambie!"

"Ya juu hayasemwi chini."

Basi watu ishirini wakaja. Wakainua kuta, wakaimba, wakanywa. Mzee Senzighe hakuonja pombe ile. Na wale wasiowahi kupanda, mnavyowajua watu, wakaanza kunong'ona. Mzee anamwonea binti yake choyo. Tambarare ile anaiwekea wanawe wa kiume. Ndiyo maana anakataza na sababu hatoi. Maneno hayana miguu lakini hutembea. Yakamfika Nakiete.

Mara ya tatu mzee alipokwenda, nyumba ilikuwa imekwisha kuezekwa. Alisimama uani, kofia mkononi.

"Mwanangu, nakuomba. Panda nami, uone."

Nakiete hakumtazama. Alikuwa anasiliba ukuta, mikono yote ina udongo.

"Baba, ningekuwa mwanamume ungenipa ardhi hii bila kunipandisha mlima."

"Si hivyo, mwanangu."

"Basi ni vipi? Sema."

Hapo, jamani. Hapo ndipo ninapotaka msikie. Mzee Senzighe alifungua mdomo. Neno lilifika kwenye meno. Akaukumbuka mlima, akaikumbuka mvua, akawakumbuka wazee na wazee wa wazee. Akaufunga mdomo.

"Ya juu hayasemwi chini," akasema.

"Basi sipandi. Leo sipandi, kesho sipandi. Hata ukipuliza pembe mpaka ipasuke, baba, sipandi."

Mzee akavaa kofia yake akaondoka. Ko. Ko. Ko.

Aliendelea kupuliza. Kila asubuhi, puuu! Puuu! Naye Nakiete kila asubuhi alikoroga uji wake bila kugeuza shingo. Mwezi ukaisha. Sikio lake likaizoea pembe ile kama mnavyomzoea jogoo wa jirani.

Ikaja siku moja ya jua kali. Juu ya kijiji hapakuwa hata na wingu la kufunikia kiganja. Lakini nyuma ya mlima, mbali, mzee alisikia radi. Ngurrr. Ngurrr. Akachukua fimbo, akachukua pembe, akapanda peke yake. Ko! Ko! Ko! Akaipita migomba. Ko! Ko! Ko! Akaupita msitu wa ukungu, pale majani hudondosha maji hata kiangazi. Akafika kwenye mwamba mtupu, akatambaa kwa magoti. Akafika begani, akainama, akachungulia.

Maji yalikuwa yanakuja. Maji ya rangi ya udongo, yamebeba miti mizima na mizizi yake, yanashuka kwenye korongo kavu lililo nyuma ya magofu. Chini, kwenye tambarare, moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye paa jipya la Nakiete.

Mzee akapiga kelele. Sauti ikaishia kwenye ukungu. Akashika pembe.

Puuu! Puuu!

Alikuwa na mlio gani mwingine? Hakuwa nao. Puuu! Puuu! Njooni tupande. Puuu! Puuu! Alipuliza mpaka midomo ikatoka damu.

Mke wa mhunzi alikuwa pale kwa Nakiete, amekuja kuazima ungo. Yeye ndiye aliyesimulia baadaye. Alisema, "Nilimwambia, dada, leo baba yako anaita sana. Akaniambia, 'Mwache, atachoka.' Akanipa ungo, nikaondoka." Alikuwa hajamaliza kukwea kilima cha kwake aliposikia nyuma yake: gugugugu! Akageuka. Tambarare yote ilikuwa maji.

Walimpata Nakiete siku ya tatu.

Huko kwenye matanga wapo waliosema, kwa sauti ya chini, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilipokuwa mtoto nami nilifundishwa hivyo. Leo ninauliza: la mkuu lipi? Mkuu alisema nini?

Kajiru alirudi kutoka mbugani akakuta kaburi. Hakulia mbele za watu. Alikaa siku saba, ya nane akaenda kwa mkwewe.

"Baba, nipandishe."

Wakapanda. Ko! Ko! Ko! Kwenye migomba Kajiru alikuwa mbele. Kwenye msitu wa ukungu alimsubiri mzee. Kwenye mwamba mtupu akampa mkono, maana magoti ya mzee yalikuwa yameisha. Walifika begani jua likiwa bado liko chini, limelala ubavu, na kila jiwe kule bondeni lina kivuli chake.

Kajiru akainama. Akachungulia.

Akaona mji. Yale mawe ambayo utotoni alichungia mbuzi juu yake, sasa aliyaona ni mji: nyumba za mviringo zimepangana, njia zinakutana, mifereji inapita kila mlango. Tena akaona kwamba mji umekatika. Ulikuwa kama ugali ulioliwa nusu. Huku kuta, nyumba, njia. Kule hakuna kitu, ila mkanda mpana wa mchanga na udongo laini, kuanzia korongo mpaka bondeni. Palipopita mkanda ule, nyumba zilikuwa zimekatwa katikati. Na ndani ya mkanda, katika tambarare, Kajiru aliona misingi ya nyumba yake.

Alikaa chini.

"Haya uliyaona, baba?"

"Niliyaona. Tangu ujana wangu."

"Hukumwambia."

"Sikumwambia."

"Yalikuwa maneno mangapi?"

Mzee akatazama bondeni.

"Nakuuliza, baba. Kama ungemwambia, yangekuwa maneno mangapi?"

Mzee Senzighe akanyoosha mkono. Akakunja kidole kimoja. "Mto," akasema. Akakunja cha pili. "Ulipita." Akakunja cha tatu. "Hapa."

Maneno matatu.

Wakakaa pale mpaka vivuli vikafupika na mji ukarudi kuwa mawe. Kajiru akainuka. Akainama kuokota kijiwe, kama desturi. Mzee akamshika mkono.

"Kiache," akasema.

Wakashuka, midomo mitupu. Bondeni watu wakawasalimu, nao wakaitika. Watu wakashtuka. Mzee akaenda moja kwa moja kwenye baraza la wazee, akasimama katikati, akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa kisimani waliisikia:

"Mto ulipita hapa! Watu wa Kale hawakuondoka kwa kupenda. Mto uliwala nusu, nusu wakakimbia. Niliona, nikanyamaza, binti yangu akafa. Asijenge mtu tena pale kwenye tambarare. Nimesema."

Wazee wakafadhaika. Wengine wakaziba masikio. Wakamnyang'anya pembe siku ile ile, wakampa mwingine. Wakasema, umetufungia mvua, Senzighe. Tutakufa njaa kwa ajili ya mdomo wako.

Mwaka ukazunguka. Kijiji kizima kikatazama mbinguni.

Mvua ikanyesha. Ikanyesha kwa wakati wake, ya kutosha, mtama ukajaa maghalani. Mlima haukukasirika. Haukuwahi kukasirika. Na hilo, jamani, ndilo lililommaliza mzee kuliko pembe, kuliko kaburi. Siku mvua ya kwanza ilipoanguka, watu wote walitoka nje wakicheza. Yeye alikaa ndani, akalia mpaka mvua ikakatika.

Wanasema majuto ni mjukuu. Kwa Nakiete, Mzee Senzighe hakupata mjukuu mwingine ila huyo.

Miaka iliyombakia alikaa pale njia ya mlima inapoanzia. Kila aliyepita alimwambia. Mgeni, mwenyeji, anayesikia, asiyetaka kusikia: mto ulipita hapa. Walimcheka mwanzoni. Baadaye walizoea. Mwisho walizihamisha nyumba zao zote zilizokuwa pembezoni mwa korongo, na maji yalipokuja tena, miaka mingi baadaye, hayakukuta mtu. Wakati huo mzee alikuwa ameshakufa. Ndipo wakamwita mwenye hekima. Ndipo wakaiacha ile desturi ya kijiwe. Siku hizi anayeshuka Chungulia huulizwa mlangoni, "Umeona nini?" na asipojibu hapewi maji ya kunywa.

Mnanitazama. Mnafikiri mwenye hekima ni yule asiyekosea? Hayupo huyo. Mzee Senzighe alikosea, akapanda tena, akatazama kosa lake kutoka juu, akashuka akalisema. Wangapi mnawajua walioweza? Mimi kaka yangu alikufa nikiwa bado na neno lake mdomoni. Nalinyonya hadi leo, wala haliyeyuki.

Basi chukueni hili mwende nalo: anayekupenda akikuita, acha jembe uende. Na wewe uliyeona, usingoje apande. Mwambie.

Hadithi yangu imeishia hapo, na kijiwe changu nimekitema. Ptu! Haya, nani ana neno la kumwambia mwenzake?