Aliyemfundisha Hanuni

Hapo zamani, mjini Siyu, kabla ya madawati na chaki, palikuwa na chuo cha Kurani cha Bi Mwanashee. Yeye aliwafundisha wanafunzi wakubwa wawili tu, Somoe na Shekuwe. Hao waliwafundisha wadogo, na wadogo wakawafundisha walioletwa jana. Bi Mwanashee alikaa mkekani akisuka ukili, macho kafumba, akizisikiliza sauti zikitiririka kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo.

Sauti moja tu haikusikika. Hanuni, mmoja wa wale wadogo, hakuwa amesema neno tangu mama yake alipofariki.

"Nakwenda Hija," mwalimu akasema. "Atakayemfundisha Hanuni nikamsikia akisoma kabla sijaondoka, nitamwachia mkeka huu na chuo chote."

Somoe akautamani mkeka. Bila chuo, angerudi kutwanga kwa shangazi yake mpaka aolewe.

Shekuwe akaanza. Kila asubuhi alimwandikia Hanuni ubao kwa wino wa masizi, akamsomea, akarudia. Hanuni kimya. Akarudia tena.

Somoe hakumwambia asome. Jioni, wakiosha mbao chini ya mwasmini uliochanua, alimchorea herufi mgongoni kwa kidole. Hanuni akageuka, akamchorea inayofuata kiganjani. Maji meusi yakazama mizizini, na Somoe akaona kana kwamba yale maua meupe nayo yanajua kusoma, yanangoja kuulizwa tu. Hakumwambia mtu kuwa Hanuni anajua.

Kisha akaletwa mtoto mpya, Tima, asiyejua hata alifu kwa ujiti. Akajisogeza kwa Hanuni chini ya mwasmini, akaonyesha herufi za ubaoni.

"Hii nini? Na hii? Mbona husemi, au huijui?"

"Alifu," Hanuni akasema. "Na hii bee. Usiiguse, utaifuta."

Ukili ukamponyoka mwalimu.

"Chuo changu," akasema Shekuwe. "Herufi zile nimemtia mimi, mpaka koo likanikauka."

"Nani alijua zimeingia?" akauliza Somoe. "Mimi nilimwacha anyamaze mpaka akatulia."

"Kumbe ulijua, ukaniacha niwike kama jogoo?"

"Ningekwambia, ungemlazimisha."

Tima akafuta kamasi. "Mimi ndiye niliyemuuliza."

"Na mimi," akasema Hanuni polepole, "nimemfundisha Tima."

Maua yakawadondokea kwenye mbao mbichi. Bi Mwanashee akafumbua macho, akainuka, akaukunja mkeka, akaushika mbele yao wote wanne. Somoe akauangalia, mikono yake mapajani, asithubutu kuinyanyua.

Haya, nyinyi mnaosikiliza: mwalimu anangojwa safarini, na mkeka bado uko mkononi mwake. Je, nani alistahili kuukalia?