Mringaringa Usiokatwa

Nikisema "kisa", ninyi semeni "kije". Kisa! Haya, kimekuja, lakini kimekuja polepole maana mwenye kukisimulia magoti yanamuuma. Pukuchueni hayo mahindi, masikio niachieni mimi.

Kale na kale, milima hii ya Upare ilipokuwa na nguruwe pori wengi kuliko watu, alikuwako mzee aliyepanda mti wa mringaringa ukingoni mwa shamba lake. Akalima, akazeeka, siku ya kufa ikafika. Mwanawe Senkondo alikuwa mbali. Akaja mbio, akavuka kizingiti baba yake anamalizia neno la mwisho, "usikatwe." Mzee akakata roho. Mkewe Nakiete, mama wa Senkondo, ndiye aliyekuwa kichwani pake tangu asubuhi.

Senkondo akarithi shamba, akarithi mti, na lile neno akalirithi.

Mwaka haukupita, dada yake Namkunda akafiwa na mume, akarudi kwao na watoto wawili. Sasa sikilizeni desturi ya kijiji kile. Mjane aliyerudi kwao alipewa msimu mmoja tu. Akivuna chakula cha wanawe, anakaa. Asipovuna, ndugu wa marehemu anakuja kumchukua awe mke wake, atake asitake. Namkunda hakutaka. Shemeji yule alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga, na tuishie hapo.

Basi Namkunda akalima. Akapanda maharage na magimbi, akakaza fito za ua moja moja, akajaza miiba penye mianya. Ua ukawa mzuri, nguruwe wakaja, wakanusa, wakarudi. Lakini juu ya ua lilining'inia tawi la mringaringa, limekauka, limeelemewa na mimea mitambaazi.

Namkunda akaomba.

"Kaka, lile tawi limekufa. Litaangukia ua."

"Baba alisema usikatwe."

"Sikati mti, napogoa tawi. Nitalifunga kamba, nilichanje kwanza kwa chini ili gome lisichanike mpaka shinani, halafu nilishushe taratibu upande wa nje."

"Chuma ni chuma, mdogo wangu. Mti hautajua kama unapogoa au unakata."

Namkunda akarudi kupalilia. Mvua ikanyesha, mitambaazi ikanywa maji, tawi likazidi uzito. Namkunda akaomba tena, Senkondo akakataa tena. Siku nyingine akachukua panga na kamba akaenda mwenyewe, akamkuta kaka yake amelikumbatia shina kwa mikono miwili. Akaweka panga chini, kwa sababu zamani dada hakumsukuma kaka. Mimi ningemsukuma. Msicheke, ningemsukuma kweli.

Akamwendea mama yake.

"Mama, sema naye. Wewe ndiye mkubwa."

Nakiete alikuwa amemzika mume, na msimu mzima anasikia ugomvi wa mti asubuhi na jioni. Alikuwa amechoka, wanangu. Kuna uchovu unaoondoka kwa usingizi, na kuna ule mwingine. Akachochea moto, akasema, "Pataneni wenyewe."

Hawakupatana. Zikiwa zimebaki siku nane maharage yavunwe, upepo ukavuma alasiri moja, tawi likaanguka. Ua ukalala hatua kumi na tano. Wakavuta, wakasukuma, Senkondo akiwa wa kwanza kushika, lakini tawi lilikuwa limelala juu ya fito na halikutikisika. Wakaziba kwa miiba waliyoipata mpaka giza likaingia. Kulipokucha magimbi yalikuwa yamefukuliwa yote, na maharage yamelazwa matopeni. Namkunda aliokota maharage ya kujaza kiganja kimoja, akayatazama, akayaacha.

Shemeji akaja. Namkunda akafunga mzigo wake, akawashika wanawe mkono, Senkondo hakuweza kumtazama.

"Nisamehe, mdogo wangu," akasema. "Niliogopa kuvunja neno la baba."

Hapo ndipo Nakiete alipofumbua kinywa.

"Neno la baba yenu lilikuwa refu kuliko hilo. Alisema, 'Mringaringa upogolewe kila mwaka, ila usikatwe.'"

Senkondo akageuka. "Mama, kwa nini hukusema?"

"Nilidhani iko siku mtaniuliza. Halafu nikachoka."

Namkunda hakulia. Alimwinamia mama yake, akapokea mkono wake kichwani, akaenda zake. Hakurudi tena kuishi pale.

Tangu mwaka ule Senkondo alipogoa mringaringa kila mwaka kabla ya mvua. Alifunga kamba, alichanja kwa chini, alishusha upande wa nje, kama alivyofundishwa na dada yake. Mti ukanawiri, ua haukuguswa tena hata na kijiti. Wapita njia wakausifia. Ndani ya ua ule, pale alipolima Namkunda, paliota nyasi, kwa kuwa Senkondo hakuwa na moyo wa kupalima.

Basi wanangu, tawi lipogoeni lingali jembamba, maana mtunza mti ndiye mtunza ua. Ukisikia nusu ya neno, uliza nusu ya pili. Na aliyelisikia lote alitoe, hata kama amechoka.

Kisa changu nakitua hapa chini. Mwenye mgongo wenye nguvu akibebe.