Mbuzi Weupe wa Mzee Mchome

"Beberu wa nyumbani hulinda rangi, wa ng'ambo hulinda zizi." Ndivyo alivyosema yule mnunuzi mnadani leo, nanyi wajukuu mkanivuta shuka mkitaka kujua neno hilo lilitoka wapi. Basi lilianza hivi.

Huko milima ya Upare, Mzee Mchome alifuga mbuzi weupe watupu, kwa kuwa matambiko ya ukoo yalitaka mbuzi mweupe. Tangu enzi za babu yake, beberu wa nje hakukanyaga zizi lile. Majike walipandwa na kaka zao na baba zao. Weupe ukabaki, nguvu zikaondoka. Mwaka ule walizaliwa vitoto watano, wote wakafa kabla ya kusimama. Jike wa kuzaa akabaki mmoja tu.

Aliyemchunga ni Nakijwa, mke wa mwana wa mzee, mpole wa kusema huku akitazama miguu yake. Lakini vitoto wale aliwazika kwa mikono yake, na hakutaka kumzika wa sita. Jike alipotaka dume, Nakijwa alimfunga kamba asubuhi kweupe, ashuke naye kwa wafugaji wa tambarare, wenye mabeberu wa madoa.

Mzee akamzuia mlangoni pa zizi.

"Unakwenda wapi na mbuzi wangu?"

"Kumtafutia mume, baba."

"Mume! Utuletee vitoto wa madoa, ukoo wote utucheke?"

"Baba, mababu hula weupe, au hula mbuzi?"

Mzee akaishika kamba ya jike.

"Zizi likiwa tupu tutatambika kwa mbuzi gani?" Nakijwa alisema akitazama miguu yake, ila kamba hakuilegeza.

Mzee akaiachia kamba. Alisogea kando.

Baada ya miezi mitano jike akazaa mapacha wa madoa. Kabla hawajakauka, mmoja alisimama, akaanguka, akasimama tena, akakipiga kiwele cha mamaye kwa kichwa akidai maziwa. Mzee Mchome alichuchumaa akiwatazama hadi jua likawa utosini.

Mdogo wake, aliyefuga weupe vilevile, akapita akiangua kicheko. "Kaka, siku hizi unafuga kanga?"

"Cheka tu. Vitoto wako wangapi wamesimama mwaka huu?"

Mdogo wake akageuka kuwatazama mapacha.

"Kesho mlete jike wako, Nakijwa ampeleke bondeni," akasema mzee. "Beberu wa nyumbani hulinda rangi, wa ng'ambo hulinda zizi."