Kachumbari ya Bi Mwatime

Paukwa! Pakawa! Basi sogeeni, moto umeshika.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu, palikuwa na Bi Mwatime, mke mkubwa wa Bwana Shekue. Mke mdogo aliitwa Nasra, na huyu Nasra alikuwa fundi wa kachumbari. Matango, nyanya, majani mabichi, na vitunguu alivyovifikicha kwa chumvi na kuviosha mpaka ukali ukaisha. Ndimu na chumvi ya kulia alitia watu wakishakaa mkekani, si kabla. Bwana alikula akaramba vidole, na bakuli la Mwatime likarudi kama lilivyokwenda.

Mwatime aliona wivu, wivu wa kumnyima usingizi. Huyu ana nini ambacho mimi sina? Akachungulia uani kwa mwenzake, akaona vitunguu vinaoshwa, naye akaosha. Bakuli likarudi. Mbuzi wake akasema, "Nipe mimi, Bibi. Mimi sichagui." Akachungulia tena, akaona majani yanakung'utwa maji, naye akakung'uta. Bakuli likarudi.

"Nipe mimi, Bibi. Mimi sichagui."

Siku ya tatu zikaja habari kwamba kuna mgeni njiani, na Bwana akaagiza kachumbari ya Nasra. Roho ikamchafuka Mwatime. Nasra alipokwisha kukatakata na kwenda kisimani, yeye akaingia jikoni, akamimina chumvi, akakamua ndimu, akavuruga, akafunika. Kufika adhuhuri majani yalikuwa yamelala, na maji yamejaa bakulini.

Akakaa mlangoni kungoja mwenzake aaibike. Nasra akaja na bakuli, bado limefunikwa.

"Dada, kumbe mgeni ni baba yako mzazi. Mpelekee hili, mwambie umetengeneza wewe. Ndimu na chumvi hizi hapa, utatia mwenyewe."

Angekataa angesema nini? Na baba alikuwa ameshaanza kumwita barazani. Akapeleka.

Mzee akafunua, akatia kinywani, akatafuna polepole, akameza kwa shida.

"Mwanangu," akasema, "nimetembea tangu alfajiri nikiuwaza mkono wako." Kisha akaomba maji.

Mwatime akalichukua bakuli mpaka zizini, machozi yakimtoka. Mbuzi akanusa, akanusa, akanusa, akageuza uso.

"Leo, Bibi, nachagua."

Hadithi yangu imeishia hapo, na chumvi iliyobaki nimeirudisha chunguni.