Kanga Moja, Jina Moja

Sogeeni. Simu chini, masikio juu. Atakayesinzia asinisingizie mimi.

Mjini Mikarafuuni palikuwa na nyumba ambayo naitaja kwa fahari, na humo watatu wa kusifiwa, kila mmoja na kipaji chake. Bi Mize, bibi wa nyumba, alijua salamu: ukimwamkia mara moja tu, anakwambia umelelewa na nani. Mwanawe Shaame, msaidizi wa sheha, alijua kushika sheria: mbuzi wake akila mhogo wa jirani, yeye ndiye wa kwanza kumshitaki. Na mjukuu, Raya, binti wa kaka yake Shaame, miaka kumi na mitano, alijua kusema kweli hata inapomchoma mwenyewe. Isipokuwa mara moja, nayo mtaisikia.

Mwaka ule baraza la mji lilitunga sheria: aliye chini ya miaka kumi na sita asiwe na ukurasa mtandaoni. Shaame alisimama barazani, akagoma kukaa mpaka yaongezwe maneno haya: mtoto atakayekuja kusema mwenyewe hatapigwa wala hataaibishwa.

"Shaame, sheria bila bakora ni nasaha tu," wenzake wakamcheka.

Hakukaa. Maneno yakaongezwa.

Watoto wakafunga kurasa zao. Raya hakufunga. Alidanganya umri, akabaki na ukurasa wake wa michoro ya hina, uliosifiwa mpaka ng'ambo. Mdogo wake Subira, miaka kumi na mitatu, akamwiga.

Huko Subira akapata shoga, Nasra, aliyesema wao ni rika moja. Wakapanga kuonana Ijumaa nyuma ya soko, bibi asijue. Siku moja kabla, Raya naye akaandikiwa na Nasra: "Ni wewe tu unayenielewa." Maneno hayo hayo Subira alikuwa akijitapa nayo asubuhi nzima! Raya akaingiwa na hofu. Alijua fika kwamba akisema, michoro yake yote imekwenda. Akaenda ofisini kwa sheha, mbele ya watu.

"Shikamoo, ami. Nimevunja sheria yenu. Nifungie ukurasa, lakini kwanza tumwokoe Subira, kesho anakwenda kuonana na mtu wa mtandaoni, Nasra, nyuma ya soko."

Wakarudi nyumbani. Subira akawaka. "Mna wivu tu! Nasra ni mtoto mwenzangu. Nifungieni, nitamfuata kwa miguu!"

Ukurasa Shaame angeweza kuufunga, lakini moyo wa mtoto haufungwi kwa sheria.

Bi Mize alikuwa anachambua mchele. Mtandao hakuujua, unaliwa au unanywewa. Akauliza, "Huyo Nasra mmeshamwamkia?"

"Bibi, watoto kwa watoto hatupeani shikamoo," Raya akamjibu.

"Ndiyo maana nasema mpe, mke mwenzangu. Akiwa mtoto, atakucheka."

Raya akaandika: Shikamoo.

Jibu likaja pale pale, kidole kimeitangulia akili: Marahaba, mwanangu.

Subira akasoma mwenyewe. Akasoma tena. Kisha akaangukia mapajani pa bibi yake, mchele ukamwagika, na hakuna aliyeuokota.

Ijumaa, nyuma ya soko, alikuja mtu mzima mwenye mvi kidevuni, akawakuta Shaame na polisi wakimsubiri. Shaame aliporudi nyumbani akafunga ukurasa wa Subira, kisha wa Raya, bila upendeleo. Raya alilia, na ami yake akalia naye.

Mji mzima ulitembea kifua mbele. Wanawake wakaamua kuchapisha kanga ya sare ya Idi, na kanga, mnajua, ina jina moja tu. Basi ugomvi ukaanza.

Wengine wakataka "Asemaye hapigwi", kwa heshima ya Shaame. Bila maneno yake barazani, Raya angethubutu kufungua kinywa?

Wengine wakataka "Marahaba imemuumbua", kwa heshima ya Bi Mize. Nyinyi mlikuwa na simu na sheria, wakasema, na bado Subira angekwenda sokoni.

Wengine wakataka "Nimesema mwenyewe", kwa heshima ya Raya. Hapo wa Shaame wakapiga kelele: "Tumvalie kanga mvunja sheria?" Wa Raya wakajibu: "Angeishika, ujumbe ule angeuona nani?"

Wakachoka, wakamwachia Subira achague, maana aliyeokolewa ni yeye. Subira akamtazama ami yake, akamtazama bibi, akamtazama dada. Mchapaji anamngoja, na Idi inakaribia.

Haya, msaidieni. Mngeandika jina lipi? Msiniambie yote matatu, mchapaji amekwisha kukataa. Na kabla ya kunijibu, kila mmoja aniamkie kwanza, nijue nazungumza na nani.