Nyani Aliyeonja Posa Yake Mwenyewe

Paukwa!
Pakawa!
Wenye njaa mko wapi?
Tuko mbele!
Na walioshiba?
Wamelala!
Basi waacheni walale, hii si yao.

Hapo kale, si kale sana maana chokoleti ilikuwepo, aliishi Pimbi mmoja jina lake Somoe. Pimbi mnamjua: mfupi, mnene, na mkia hana. Lakini pango alikuwa nalo! Pango la mawe, mchana baridi, usiku joto, na mlangoni mkuyu unaodondosha matunda mwaka mzima. Mama yake alimzalia humo, naye alitaka kuzeekea humo humo.

Nyani naye alilitaka pango. Nyani, kifua kama pipa, meno kama shoka, na ndani ya mashavu mifuko miwili ya kuwekea chakula cha baadaye. Kulipora aliona aibu, majirani wangesema. Akaona njia nyepesi: kuoa.

Huko mlimani, Siku ya Wapendanao ilikuwa na mila yake. Mwanamume akileta zawadi ya kuliwa, mwanamke akaipokea kwa mikono miwili, basi ndoa imepita na bwana anahamia. Jua likizama mikono mitupu, posa imekufa, wala harudi tena kubisha hodi. Kusema "sikutaki" ruhusa ilikuwepo. Lakini kumwambia Nyani "sikutaki" ni kujichimbia kaburi na kulala ndani.

Asubuhi, tii! tii! tii! Nyani huyo. Nyuma yake mshenga, Bi Kanga, kavaa madoadoa yake ya sherehe.

"Mchumba! Fungua! Nimekuletea chokoleti!"

Somoe akajongea mlangoni. Akachungulia. Chokoleti imeyeyuka, inamchuruzika Nyani mpaka kwenye kiwiko.

"Umeipata wapi?"

"Kwenye gari la watalii. Nimepigwa na chupa kwa ajili yako."

"Pole, Bwana Nyani. Ila chokoleti, jamani! Mbweha kampa mkewe chokoleti. Nguchiro kampa mkewe chokoleti. Yaani mimi na mke wa Nguchiro tulingane?"

"Hapo kasema, kwe-kwe-kwe!" akadakia Bi Kanga. "Mimi mume wangu aliniletea mwaka jana. Nikadhani udongo, nikajigaragazia."

Nyani akalamba kiwiko. "Haya, unataka nini?"

"Kitu cha mkono wa nyumbani. Kashata za nazi."

Nyani akashuka mbio hadi barabarani, akampora mama mmoja sinia zima, akapanda nalo. Tii! tii! tii!

"Kashata hizi! Lete mikono!"

Somoe akaficha mikono nyuma. "Onja kwanza, utoe uchawi. Mleta chakula si ndiye huonja?"

"Ndiye," akasema Bi Kanga. "Mila ni mila."

Nyani akaonja kidogo. Akaonja tena. Akaonja kuhakikisha alivyoonja. Nyam, nyam, nyam! Mashavu yakafura fuu! Sinia likabaki linang'aa kama limeoshwa.

"Haina uchawi," akasema kwa shida.

"Haina na kashata," akasema Bi Kanga.

"Labda kaimati," akasema Somoe kwa upole. "Zilizorowa shira."

Nyani akashuka, akapora, akapanda. Tii! tii! tii! Bakuli pomoni. Akaonja kidogo. Akaonja tena. Akaonja kuhakikisha alivyoonja. Nyam, nyam, nyam! Akalamba na bakuli, asije akaacha uchawi pembeni.

Jua likaanza kuinama. Somoe akaanza kupumua.

Lakini Nyani akakaa chini, akajikuna, akafikiri, kazi asiyoizoea hata ikamtoa jasho. "Kumbe!" akasema. "Dawa ni kuleta kitu nisichokipenda!" Akatimka.

Akarudi na fungu la mchunga. Mchunga, yale majani machungu!

Somoe akautazama ule mchunga. Nyani mlafi alimweza. Nyani mwenye akili hakumtarajia. Na ubaya zaidi, mchunga ndio chakula chake. Mate yakamjaa, mikono ikaanza kujitokeza yenyewe.

Nyani akachuma jani moja, akatafuna. Uso ukakunjamana kama soksi. Tfuuu! Likaangukia miguuni pa Bi Kanga.

"Nimeonja! Haya, mikono!"

Somoe akalitazama jani lile chini. Akamtazama Nyani. Kisha akapiga ukelele:

"Mama weee! Katema! Bi Kanga, umeona? Mtoa uchawi katema mwenyewe!"

"Kwe-kwe-kwe! Katema!" Bi Kanga akaruka juu. "Majirani! Nyani kaleta sumu!"

Majirani puu! wakatoka, kila mmoja na jiwe lake.

"Si sumu!" Nyani akalia. "Ni chungu tu!"

"Basi meza!"

Nyani akalitazama jua, limebaki ukucha. Akatia jani mdomoni. Akatafuna. Machozi yakamtoka, masikio yakamsimama, akaziba mdomo kwa mikono miwili... Tfuuu!

Na jua nalo, tumbwi! Likazama.

Posa imekufa. Nyani akashuka mlima, mawe yakimsindikiza, wala hakurudi.

Somoe akakaa kitako mlangoni pake. "Haaaaaah!" Pumzi hiyo iliangusha matunda matatu ya mkuyu. Kisha akaokota fungu la mchunga, akalipika kwa tui la nazi.

"Wee! Hujatoa uchawi!" akasema Bi Kanga.

"Nnaonja," akajibu Somoe, mdomo umejaa.

Akaonja kidogo. Akaonja tena. Akaonja kuhakikisha alivyoonja.

Funzo ni hili, mabwana: Wapendanao ikifika, kuweni walafi. Nyani angejizuia kwenye kashata tu, leo angekuwa mume wa mtu, anaulizwa alikuwa wapi. Sasa yuko huru, na kashata alikula. Na ukiona lazima utoe zawadi, peleka chokoleti ile ile, ukae kimya.

Hadithi yangu nimeipakua yote. Iliyemkolea ameze, iliyemkera ateme. Ila atemee mbali na Bi Kanga.