Sultani Aliyewaambia Watu Wakanywe Bahari

Njoo karibu, na mlango urudishe. Apa kwanza! Weka mkono kifuani useme, "Wallahi, la shangazi halitoki." Maana wajukuu wa huyu mtu ndio majirani zetu hapo nyuma, na pua zao bado ziko juu. Umeapa? Haya.

Hapo zamani palikuwa na Sultani wa Kiwambani, Mwinyi Shafii, tumbo lake likifika barazani kwanza, yeye mwenyewe baadaye, ha! Basi akajijengea birika la kuogea na shamba la ndimu, ikawa ng'ombe wanavuta maji kisimani kwake kutwa kucha. Visima vya watu vikapungua. Badala ya kuona haya, akavifunika magogo, akaweka askari: "Maji yote ya chini ya ardhi ni yangu!"

Watoto wakawa wanalia kiu. Basi akaenda barazani Faki Kata, fukara asiye na kitu duniani ila kata yake ya kifuu cha nazi.

"Ewe Seyidi, watu wako wanywe nini?"

"Kanyweni bahari! Hiyo si yangu, ni ya Mungu."

Baraza zima likacheka, na kadhi naye, mnafiki yule.

"Seyidi, nikinywa kata saba za bahari bila kukunja uso, utavifungua visima?"

"Nitavifungua, kadhi shahidi. Ukikunja uso, shingo yako halali yangu."

"Nimekubali. Ila iwe siku ya bamvua, bahari ikishakupwa mbali kabisa, nami niteke kwa mwanzi."

"Teka hata kwa kanga ya mamako!"

Kumbe huyo mamake ni mwokota kombe za baharini! Na waokota kombe wanapajua mahali: maji yakitoka sana, ukipita mawe meusi, nyayo zinashikwa na baridi, mchanga unatokota kama uji. Wanaume watajuaje? Si wamekaa barazani!

Siku ikafika, mji mzima pwani. Faki akaingia mpaka magotini, akaukita mwanzi pale panapotokota, maji yakapanda, yakamwagika juu. Kata ya kwanza, akameza. Ya tatu, akajipangusa mdomo. Ya saba, akateuka, mbweu ya shibe! Uso laini kama mtoto aliyeshiba ziwa la mama.

"Uwongo!" Sultani akajitosa na joho lake, akachota kiganja hapo miguuni pake, akagugumia. Lo! Macho yakamtoka, akayatema yote kwenye ndevu za kadhi. Faki akamsogezea mwanzi. Akaonja: matamu, baridi!

"Basi haya ni yangu! Yametoka chini ya ardhi yangu!"

"Seyidi, maji hayakai. Mvua ya kilimani inapita chini ya kitanda chako, haikuamshi, inakwenda zake baharini. Ukiivuta yote njiani, bahari nayo inaingia kuja kukuamkia. Huoni kahawa yako siku hizi ina chumvi?"

Watu wakaangua kicheko. Kahawa ile kila mtu aliijua, nani angemwambia!

"Na bahari ni ya nani?" Faki akamgeukia kadhi.

Kadhi, ndevu zinamdondoka maji: "Ya Mungu. Kasema Seyidi mwenyewe."

Basi visima vikafunguliwa siku ileile. Cha Sultani kikawa chumvi tupu. Akatuma watumishi kwa majirani, kina mama wakawarudisha: "Mwenye kiu aje mwenyewe." Akaja, mtungi begani, tumbo mbele. Mamake Faki akamtazama juu mpaka chini.

"Panga mstari nyuma, baba. Au kanywe bahari."

Kanihadithia Bi Mwanakheri, muuza vitumbua. Naye kahadithiwa na mjukuu wa Sultani mwenyewe, siku aliyokuja kwake kuomba maji. Na kamwapisha, vilevile kama nilivyokuapisha wewe!